Sayari tano, majina matano

Ludwig Krapf alipofika Kitui mwaka 1849, mwenyeji wake alikuwa Kivoi, tajiri wa misafara ya pembe za ndovu iliyoteremka hadi Mombasa. Njia hiyo iliwakutanisha Wakamba, ambao nyota kwao ni ndata, na Waswahili waliokuwa na majina ya asili ya Kiarabu: Utaridi (wengine husema Zebaki), Zuhura, Mirihi, Mushtari na Zohali. Matano tu, basi! Hizo ndizo sayari zinazoonekana vyema bila darubini. Uranus iligunduliwa 1781, Neptune 1846. Ndiyo maana hazina jina la kale.

Sayari, kwa asili yake, ni kinachotembea. Mwarabu wa leo hata gari huliita sayyara. Ukiwa Mutomo au Kibwezi, mbali na taa za mji, utaelewa: nyota humetameta, sayari hutulia, ila baada ya wiki kadhaa utaikuta imehama miongoni mwa nyota. Zuhura haitafutwi usiku wa manane. Iko magharibi jua likishatua, au mashariki kabla hakujapambazuka.

Mtoto wa Makueni huiona vizuri tu, kisha darasani la sayansi anafundishwa kuiita Venus. Zuhura kwake ni jina la mtu.