Jina la Mazrui: Maana Yake na Waliolibeba kwa Kalamu

Watoto wetu hupenda kuuliza jina la ukoo lina maana gani, na mara nyingi sisi wazazi hujibu tu, "Ni jina la babu yako." Leo tutazame jina moja linalojulikana sana Mombasa na pwani yote ya Kenya: Mazrui.

Asili yake ni Kiarabu. Shina lake ni zara'a, yaani kupanda mbegu, na mazruu ni kilichopandwa. Anayesoma Suratul Waqi'a atalikuta shina hilo hilo katika aya ya 64, panapotajwa mimea na Mwenye kuiotesha. Kabila lenyewe linatoka Oman, na hadi leo wenye jina hili wako huko na katika Falme za Kiarabu.

Mombasa walikuja wakiwa maliwali wa Oman. Katika miaka ya 1740, utawala wa Oman ulipotoka kwa Yaarubi ukaingia kwa Busaidi, wao walikataa kutii, wakaitawala Mombasa wenyewe kwa karibu miaka mia. Na hapo ndipo jina lilipoingia katika ushairi. Muyaka bin Haji, malenga mkubwa wa Mombasa, hakuwa Mazrui kwa nasaba, lakini alisimama upande wao, na mashairi yake ya siasa na vita yanatuonyesha mji ule ulivyojibizana na Lamu na Seyyid Said. Aliishi hata akaona mwisho wake. Mwaka 1837 Seyyid Said aliichukua Mombasa. Wakubwa wa Mazrui wakakamatwa, wakapelekwa Bandar Abbas, Uajemi, wasirudi tena. Waliosalia walikimbilia Takaungu na Gazi.

Huko wakawa wenye mashamba, na hapa tusifiche kitu. Jina ni la kupanda, lakini walioshika jembe walikuwa watumwa, kama ilivyokuwa kwa wenye mashamba wengi wa pwani. Kenya utumwa haukuondolewa kisheria mpaka 1907. Mzazi anayemsimulia mwanawe sifa za ukoo akaliruka hili, amemnyima haki yake ya kujua.

Utawala ulikwisha, lakini elimu haikukatika. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui (1891–1947) alianzisha gazeti la Sahifa mwaka 1930, kisha Al-Islah mwaka 1932. Aliwahimiza Waislamu wasome, wanawake pia, na wasiache dini yao kwa kuiga wageni. Baadhi ya makala zake zilikusanywa katika kitabu cha Uwongozi. Aliandika pia tarikh ya ukoo wake kwa Kiarabu, na alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya tangu 1937 mpaka alipofariki. Kwa maoni yangu, huyu alilitukuza jina kuliko maliwali wote.

Alitaka mwanawe Ali asome Al-Azhar. Ali hakwenda huko. Alisoma Uingereza, akafundisha Makerere, Uganda, kisha Marekani. Mwaka 1971 alitoa riwaya juu ya mshairi Christopher Okigbo aliyekufa katika vita vya Biafra, na mwaka 1986 filamu zake za televisheni juu ya Afrika na urithi wake wa aina tatu: wa asili, wa Kiislamu na wa Kimagharibi.

Yuko na Alamin Mazrui. Tamthilia yake Kilio cha Haki (1981) inahusu wafanyakazi wa shamba la mzungu wanaodai haki zao wakiongozwa na mwanamke, Lanina. Mwaka 1982 aliwekwa kizuizini, na mashairi ya huko yakatoka katika Chembe cha Moyo (1988). Kwangu mimi si jambo dogo kwamba mwenye jina hili ndiye aliyeandika kilio cha wenye jembe.

Profesa Ali alifariki Marekani Oktoba 2014. Mwili wake ulirudishwa Mombasa, akazikwa katika makaburi ya ukoo wao, hatua chache kutoka Ngome ya Yesu. Mwenyezi Mungu amrehemu.