Masinde Muliro na Suala la Majimbo kati ya Bungoma na Kitale

Masinde Muliro, aliyezaliwa mwaka 1922 katika eneo la Kimilili ambalo leo limo katika Kaunti ya Bungoma, alikuwa miongoni mwa wanasiasa wachache wa Kenya walioshiriki uongozi wa kitaifa tangu uchaguzi wa kwanza wa Waafrika mwaka 1957 hadi kurejeshwa kwa mfumo wa vyama vingi mwishoni mwa mwaka 1991. Hapaswi kuchanganywa na Elijah Masinde, mwanzilishi wa Dini ya Msambwa, vuguvugu la kidini lililopinga utawala wa Waingereza katika miaka ya 1940, ingawa wote wawili walikuwa Wabukusu na malalamiko yaliyowasukuma, hasa kuhusu ardhi, yalikuwa na chimbuko moja.

Malalamiko hayo yalihusu eneo la Trans Nzoia, lililo mashariki mwa Bungoma na ambalo mji wake mkuu ni Kitale. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, serikali ya kikoloni iliwagawia masetla mashamba makubwa katika eneo hilo, wakiwemo wanajeshi Waingereza waliostaafu, na ardhi hiyo ikahesabiwa kuwa sehemu ya nyanda za juu zilizotengwa kwa ajili ya Wazungu. Wabukusu waliendelea kuvuka kwenda huko, lakini wengi walikwenda kama maskwota, yaani vibarua walioruhusiwa kuishi, kulima vipande vidogo na kufuga mifugo michache kwenye shamba la setla kwa masharti ya kumfanyia kazi. Hivyo Kitale, ambayo iliunganishwa kwa reli na Eldoret katika miaka ya 1920 na kustawi kwa biashara ya mahindi, ikawa mji uliotegemea jasho la watu ambao hawakuwa na haki ya kumiliki ardhi iliyouzunguka.

Muliro alisoma katika shule za misheni za Kikatoliki, ikiwemo ya Tororo nchini Uganda, kisha akajiunga na Chuo Kikuu cha Cape Town, Afrika Kusini, wakati ambapo sera ya ubaguzi wa rangi ilikuwa inaanza kutekelezwa huko. Aliporejea Kenya alifundisha kwa muda kabla ya kuingia katika siasa. Uchaguzi wa 1957 haukumpa kila Mwafrika mtu mzima haki ya kupiga kura, kwa kuwa mpiga kura alipaswa kutimiza sifa kama vile elimu, kipato, mali au utumishi, na aliyekuwa na sifa nyingi aliweza kupewa hadi kura 3. Katika jimbo la Nyanza Kaskazini, lililojumuisha Bungoma, Muliro alimshinda W. W. W. Awori, mwandishi wa habari aliyekuwa na jina kubwa kuliko yeye, akawa mmoja wa Waafrika 8 waliochaguliwa kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria pamoja na Tom Mboya, Oginga Odinga, Ronald Ngala na Daniel arap Moi.

Mwaka 1960, baada ya chama cha KANU kuundwa, viongozi wa jamii ambazo ziliogopa kumezwa na Wakikuyu na Wajaluo waliunda KADU, chama ambacho Ngala alikuwa rais wake na Muliro naibu wake. Sera kuu ya KADU ilikuwa majimbo, yaani kuyapa maeneo ya nchi mabaraza yenye mamlaka yaliyolindwa na katiba ili serikali kuu isiweze kuyanyang'anya kwa urahisi. Hata hivyo, ilipofika zamu ya kuchora mipaka mwaka 1962, udhaifu wa sera hiyo ulijitokeza ndani ya KADU yenyewe, kwa sababu Wabukusu waliomfuata Muliro waliitaka Kitale iwe katika Jimbo la Magharibi, ilhali Wakalenjin waliomfuata Moi waliidai kuwa yao. Trans Nzoia ikawekwa katika Bonde la Ufa, na washirika waliokuwa wamekubaliana kuhusu mgawanyo wa madaraka wakabaki wametofautiana kuhusu ardhi ambayo madaraka hayo yangetawala.

Swali la mamlaka gani yabaki kwa serikali kuu na yapi yashuke chini halikuwa la Kenya pekee. Mfaransa Jacques Delors, aliyeongoza Tume ya Ulaya kuanzia 1985 hadi 1995, alilikabili wakati wa kuandaliwa kwa Mkataba wa Maastricht wa 1992, ambao uliweka kanuni kwamba maamuzi yafanywe karibu na wananchi kadiri inavyowezekana. Tofauti ni kwamba Delors alishughulika na mataifa yaliyokwisha kuwa na hazina na mabunge yake, lakini majimbo ya Kenya yalizaliwa yakitegemea fedha za serikali kuu, ambayo iliongozwa na KANU iliyoyapinga. KADU ilivunjwa Novemba 1964, wabunge wake wakajiunga na chama tawala, na majimbo yakafutwa.

Muliro aliingia katika serikali ya Jomo Kenyatta na kuwa waziri, lakini msimamo wake haukuyeyuka. Mwaka 1975, baada ya mbunge J. M. Kariuki kuuawa, kamati ya Bunge iliyoongozwa na Elijah Mwangale, mbunge wa kutoka Bungoma, ilitoa ripoti iliyoifedhehesha serikali, na Muliro akapiga kura ya kuiunga mkono ilhali mawaziri walitarajiwa kuipinga, akafutwa kazi. Mwaka 1991 alikuwa miongoni mwa waasisi 6 wa FORD, vuguvugu lililodai vyama vingi, akiwa pamoja na Odinga, mpinzani wake wa zamani. Alifariki Nairobi Agosti 14, 1992, akirejea kutoka London, miezi michache kabla ya uchaguzi mkuu wa Desemba, na FORD ikagawanyika bila yeye.

Katiba ya 2010 ilirudisha ugatuzi, yaani kushusha mamlaka na fedha hadi kaunti 47, na safari hii mgao wa fedha ukawekewa kiwango cha chini katika katiba yenyewe. Bungoma na Trans Nzoia sasa zina magavana na mabunge yao, jambo ambalo KADU ilishindwa kulidumisha. Lakini mabunge hayo hayana uwezo wa kubatilisha hati za mashamba yaliyogawiwa tangu enzi za masetla, na kwa hiyo madai ya kihistoria ya ardhi ya Trans Nzoia hubaki mikononi mwa mahakama na taasisi za kitaifa. Mzozo wa 1962 ulikuwa umeshaonyesha kwamba kugawana madaraka hakumalizi swali la kugawana ardhi.