Hati za Kampuni: Kutoka London hadi Dar es Salaam kwa Njia ya Bombay

Kampuni yenye dhima ya kikomo ni chombo cha kisheria ambacho wanahisa wake hawadaiwi zaidi ya thamani ya hisa walizoahidi kulipia, hata kama madeni ya kampuni yatazidi mali zake zote. Dhima ni wajibu wa kulipa deni, na kikomo ni mpaka ambao mdai hawezi kuuvuka ili aifikie nyumba au shamba la mwanahisa. Nafuu hiyo ni kubwa mno, na sheria haikuitoa bure: wenye kuipata walitakiwa kuandika hadharani wao ni nani, wanafanya biashara gani, mtaji wao ni kiasi gani na ofisi yao iko wapi, ili anayewauzia kwa mkopo ajue anashughulika na nani. Hati anazopokea leo Msajili wa Kampuni, Tanzania au Kenya, zimetokana na mapatano hayo ya kale baina ya mkopaji na umma, na anayezitazama kama urasimu mtupu hajaambiwa historia yake.

Pwani ya Afrika Mashariki ilikuwa na hati za biashara muda mrefu kabla ya sheria za makampuni. Katika ubia wa mudharaba, mmoja alitoa mtaji na mwingine akatoa kazi, faida ikagawanywa kwa sehemu walizokubaliana, na hasara ya mtaji ikamwangukia mwenye mali; deni, rehani na mauzo viliandikwa kwenye waraka mbele ya mashahidi. Nyumba kubwa za wafanyabiashara wa Kihindi, kama ile ya Jairam Shivji iliyokodi ushuru wa forodha ya Zanzibar kwa sehemu kubwa ya karne ya 19, ziliendeshwa kwa daftari za ukoo na kwa heshima ya jina. Hata hivyo, waraka wa aina hiyo uliwafunga watu waliokuwepo. Haukuzaa mtu wa tatu anayeweza kumiliki mali, kushtaki na kushtakiwa kwa jina lake mwenyewe. Mtu huyo wa kisheria ndiye aliyeletwa na hati za Kiingereza.

Nchini Uingereza kwenyewe alichelewa kuzaliwa. Sheria ya mwaka 1720, iliyopitishwa wakati wa kizaazaa cha hisa za South Sea Company, ilikataza kuunda makampuni ya hisa bila kibali cha Mfalme au cha Bunge, na haikufutwa hadi mwaka 1825. Mwaka 1844, baada ya uchunguzi wa kamati ya Bunge iliyoongozwa na William Gladstone kuhusu makampuni ya ulaghai, ilitungwa sheria iliyoanzisha ofisi ya Msajili na kuruhusu kampuni kuundwa kwa kusajiliwa tu, ingawa wanahisa waliendelea kudaiwa bila mpaka. Sheria ya mwaka 1855 iliongeza kikomo cha dhima, na ya mwaka 1856, iliyosukumwa mbele na Robert Lowe, ikapunguza idadi ya waanzilishi hadi 7 na kuweka hati mbili ambazo hadi leo ni uti wa mgongo wa usajili. Thamani ya kikomo hicho ilionekana kwa uchungu mwaka 1878 ilipoanguka City of Glasgow Bank, ambayo dhima ya wanahisa wake haikuwa na mpaka: kati ya zaidi ya wanahisa 1,800, waliobaki na uwezo wa kulipa madeni yao walikuwa takriban 250 tu, na miongoni mwa waliofilisika walikuwemo wajane na watu wa kipato cha kati waliodhani wameweka tu akiba.

Hati ya kwanza kati ya hizo mbili ni waraka wa uanzishaji, unaozungumza na watu wa nje: unataja jina la kampuni likiishia na neno "Limited" kama onyo kwa kila mdai, madhumuni yake, kikomo cha dhima na mtaji wake. Ya pili ni kanuni za ndani, zinazopanga jinsi mikutano inavyoitishwa, kura zinavyopigwa, hisa zinavyohamishwa na wakurugenzi wanavyoteuliwa. Kwa kawaida hufungwa pamoja na kuitwa katiba ya kampuni. Kifungu cha madhumuni ndicho chenye historia nzito kuliko vyote. Mwaka 1875, katika shauri la Ashbury, kampuni iliyosajiliwa kwa ajili ya kutengeneza na kuuza mabehewa na vifaa vya reli ilikuwa imeingia mkataba wa kugharimia ujenzi wa njia ya reli nchini Ubelgiji, na Baraza la Malodi likaamua kwamba mkataba ulio nje ya madhumuni yaliyoandikwa ni batili kabisa, hata kama wanahisa wote wangeuridhia. Mawakili walijifunza haraka. Tangu hapo walijaza katika waraka kila biashara waliyoweza kuifikiria, na ndiyo maana katiba za makampuni mengi ya Afrika Mashariki zimeorodhesha kurasa kadhaa za shughuli ambazo waanzilishi hawakukusudia kuzifanya kamwe. Desturi hiyo ilikula lengo la hati yenyewe, kwa kuwa mkopeshaji anayesoma madhumuni 40 hajui zaidi ya yule asiyesoma lolote.

Sharti la watiaji saini 7 nalo lilipimwa mahakamani. Aron Salomon, mtengenezaji wa viatu wa London, aliigeuza biashara yake kuwa kampuni mwaka 1892, akachukua hisa 20,001, na mkewe pamoja na watoto 5 wakachukua hisa moja moja ili idadi itimie. Kampuni ilipofilisika, mahakama za chini ziliona huo ni ujanja, lakini mnamo Novemba 1896 Baraza la Malodi liliamua kwamba karatasi zikishatimia kama sheria inavyotaka, kampuni ni mtu tofauti na wenye hisa wake, wawe nani na wawe na uhusiano gani. Uamuzi huo ulizipa hati uzito ambao haukuwahi kuwepo, na bado unafuatwa katika mahakama za Kenya, Uganda na Tanzania.

Makampuni ya kwanza ya kikoloni hayakupitia mlango huo. Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilijengwa juu ya hati ya ulinzi ya Kaisari iliyotolewa mwezi Februari 1885, na ile ya Kiingereza ya Imperial British East Africa Company ikapewa hati ya Malkia mwaka 1888. Zote mbili zilipewa mamlaka ya kutawala watu ambao hawakuulizwa. Usajili wa kawaida ulikuja kwa njia ya Bombay. India ya Waingereza ilikwisha kuwa na sheria yake ya kikomo cha dhima tangu mwaka 1857, na amri ya kifalme ya mwaka 1897 ikazitumia sheria za India katika himaya ambayo baadaye iliitwa Kenya. Tanganyika, baada ya utawala wa Wajerumani kuondoka, nayo iliingizwa katika mkondo huo huo, hadi ilipopata sheria yake ya makampuni mwaka 1932, iliyofuata mfano wa ile ya Uingereza ya mwaka 1929. Hivyo fomu zilifika zikiwa zimekamilika, kwa lugha ya Kiingereza, bila mjadala uliozizaa, na mfanyabiashara Mwafrika aliyetakiwa kuzijaza hakuwahi kuelezwa kwamba zilikuwa malipo ya kinga aliyokuwa akiipata.

Sheria hiyo ya mwaka 1932 ilidumu kupita uhuru na Azimio la Arusha, na Tanzania Bara iliendelea kuitumia hadi Machi 2006, ilipoanza kazi Sheria ya Makampuni ya mwaka 2002. Zanzibar ina sheria na msajili wake, kwa kuwa usajili wa kampuni si jambo la Muungano. Chini ya sheria mpya mwombaji wa Bara huwasilisha katiba, fomu inayotaja wakurugenzi wa kwanza, katibu na anwani ya ofisi, na tamko kwamba masharti yote yametimizwa. Tangu mwaka 2018 kazi hiyo hufanywa kwa mtandao wa Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni. Kenya, kwa sheria ya mwaka 2015, ilikwenda mbali zaidi: mtu mmoja anaweza kuanzisha kampuni peke yake, na madhumuni hayana mpaka isipokuwa kanuni za kampuni zenyewe ziwe zimeyawekea.

Hati iliyozaliwa karibuni kuliko zote ni ya wamiliki manufaa, yaani watu wa damu na nyama wanaofaidika na kampuni au kuiongoza hata kama hisa zimeandikwa kwa majina ya wengine. Tanzania iliiweka katika sheria mwaka 2020, na mwaka huo huo Kenya ikaitungia kanuni, kwa sababu majina yaliyomo kwenye fomu za zamani yalikuwa yamekwisha kutumika kuficha fedha za rushwa na za kukwepa kodi. Ni hatua iliyostahili kuchukuliwa mapema zaidi. Lakini tofauti na katiba na orodha ya wakurugenzi, ambazo yeyote anaweza kulipia ada akazikagua, kanuni za Kenya za mwaka 2020 ziliwafungulia taarifa hizo maofisa wa mamlaka za serikali na kuwafungia umma, wakiwemo wauzaji na wakopeshaji wadogo ambao kwa ajili yao daftari la Msajili lilianzishwa mwaka 1844.