Mtoto wa Siku Mbili Anajua Nini? Kazi ya Dk. T. Berry Brazelton

Mtoto ana siku mbili duniani, na amelala. Daktari anammulika kwa tochi juu ya kope zilizofumba, mtoto anashtuka mwili mzima. Anammulika tena, safari hii anakunja uso tu. Kufikia mara ya tano au ya sita hatingishiki. Ameuzoea mwanga, ameupuuza, anaendelea na usingizi wake. Kinafuata kichezeo cha kuchakacha pembeni ya sikio, halafu kengele ndogo. Akiamka, anapitishiwa mpira mwekundu mbele ya macho kuona kama ataufuata. Kisha daktari anamwinua kati yake na mama mzazi, wote wawili wanamsemesha kwa sauti ya chini, na mara nyingi mtoto anageuza kichwa upande wa mama.

Hakuna kifaa cha gharama hapo. Kilichokuwa kigeni mwaka 1973, kipimo hiki kilipochapishwa, ni swali lililokuwa nyuma yake. Madaktari walizoea kumkagua mtoto mchanga wakitafuta kasoro: moyo, mapafu, nyonga, manjano. Thomas Berry Brazelton, daktari wa watoto wa Boston, Marekani, alitaka kujua mtoto huyu ni mtu wa namna gani. Analala vipi, anaamkaje, nini kinamtuliza, kelele kiasi gani zinamchosha. Toleo la baadaye la kipimo hicho lina vipengele 28 vya tabia na 18 vya mwitikio wa mwili, na kipimo chenyewe kinatumika hadi leo katika hospitali na utafiti wa nchi nyingi.

Brazelton alizaliwa Waco, Texas, mwaka 1918. Katika mikusanyiko ya ukoo yeye ndiye aliyeachiwa binamu zake wadogo awaangalie wakati wakubwa wanapika na kuzungumza, na bibi yake alimsifu kwa mkono wake mwema kwa watoto. Alisoma Princeton, akahitimu udaktari Chuo Kikuu cha Columbia mwaka 1943, akatumikia jeshi la majini wakati wa vita, kisha akaenda Boston kujifunza tiba ya watoto. Huko aliongeza jambo ambalo madaktari wenzake wachache walilijali: mafunzo ya magonjwa ya akili kwa watoto.

Ni katika mafunzo hayo, kwenye kituo cha James Jackson Putnam, ndipo alipokutana na jambo lililomkera maisha yake yote. Wataalamu wa wakati ule waliamini kwamba mtoto mwenye usonji ameharibiwa na mama yake. Kwamba ubaridi wa mama ndio uliomfunga mtoto ndani ya nafsi yake. Mama aliyefika na mtoto akitafuta msaada aliondoka na hatia. Sisi tuna methali isemayo mwana umleavyo ndivyo akuavyo, na imekuwa fimbo ya kuwachapia akina mama wengi kwa namna hiyo hiyo. Brazelton aliona nusu ya habari imeachwa. Mtoto naye huja na tabia zake tangu siku ya kwanza, na tabia hizo humfinyanga mzazi kama mzazi anavyomfinyanga mtoto. Kama jambo hilo lingeweza kuonyeshwa hadharani, katika wodi ya wazazi, mama asingelazimika kubeba lawama isiyo yake.

Mwaka 1950 alifungua kliniki yake Cambridge, jirani na Boston, na kuiendesha kwa zaidi ya miongo minne. Kitabu kilichompa jina, *Infants and Mothers* cha 1969, kilifuata mwaka wa kwanza wa watoto watatu, mmoja mtulivu, mmoja wa wastani na mmoja mwenye pilikapilika, na kuwaonyesha wazazi kwamba wote watatu ni wazima. Kabla ya hapo, mwaka 1962, alikuwa amechapisha uchunguzi wa watoto 1,170 wa kliniki yake kuhusu kuacha nepi, akishauri wazazi wamsubiri mtoto aonyeshe dalili za kuwa tayari badala ya kumlazimisha. Miaka mingi baadaye alionekana katika matangazo ya Pampers, na wakosoaji hawakulinyamazia. Naona walikuwa na haki ya kuhoji: ushauri wa kusubiri na biashara ya nepi havipaswi kukaa meza moja. Hata hivyo, uchunguzi wenyewe ulitangulia matangazo hayo kwa zaidi ya miaka thelathini.

Sehemu ya kazi yake ambayo sisi wa Afrika tunapaswa kuijua zaidi ni safari. Kipimo kilipokuwa bado kinaundwa, alikwenda kwa Wamaya wa Zinacantán, kusini mwa Mexico, akakuta watoto wakimya waliofungwa kwenye nguo za mama zao na kunyonyeshwa kabla hawajalia. Kisha ikaja Lusaka, Zambia. Yeye na wenzake waliwapima watoto kumi wa Zambia na kumi wa Marekani katika siku ya kwanza, ya tano na ya kumi. Siku ya kwanza watoto wa Lusaka, waliozaliwa katika familia maskini, walikuwa wamepungukiwa maji mwilini, misuli imelegea, hawana hamu ya kutazama kitu. Mtu mwenye haraka angeandika hapo hapo kwamba hawa wana kasoro. Siku ya kumi walikuwa wamewapita wenzao wa Marekani katika kuchangamka na kuvutiwa na uso na sauti ya mtu. Katikati ya siku hizo mama zao walikuwa wamewanyonyesha, wamewabeba na kuwachezesha.

Halafu Kisii, Kenya. Mwanaanthropolojia Robert LeVine, aliyewahi kuishi na Abagusii, wenyeji wa huko, katika miaka ya 1950, alirudi na kundi la watafiti kati ya 1974 na 1976, na Brazelton pamoja na madaktari aliowafunza walikuwa sehemu ya mradi huo. Vichanga wa Kisii waliwashangaza kwa uimara wa shingo na viungo. Kilichowapa kazi zaidi ni akina mama. Mama wa Kisii alikuwa na mtoto karibu naye usiku na mchana, na mtoto alipolia alimfikia upesi kuliko mama wa Boston. Lakini alimtazama machoni kidogo na kumsemesha kidogo. Mtoto alipoanza kusisimka kwa furaha, mama aligeuza uso pembeni. Watafiti walipowaomba wakae uso kwa uso na watoto wao na kuwazungumzisha, walikubali kwa adabu, ingawa waliona ni upuuzi kuongea na mtu asiyejua kusema.

Kwa macho ya Boston, ambako maabara ya Brazelton ilifundisha kwamba mazungumzo ya uso kwa uso ndiyo chakula cha akili ya mtoto, hilo lilionekana kama upungufu. Lakini kitabu cha mradi huo kilichotoka mwaka 1994, Brazelton akiwa miongoni mwa waandishi wake, kilikataa hukumu hiyo. Katika miaka ambayo mwanamke wa Kenya alizaa wastani wa watoto wanane, na ugonjwa ukachukua wengi mapema, kazi ya kwanza ya mama ilikuwa kumweka mtoto hai, ameshiba na ametulia. Mazungumzo na michezo yangekuja baadaye, kutoka kwa dada na kaka waliombeba. Haikuwa rahisi kwa daktari aliyejenga jina lake juu ya kutazamana machoni kuyakubali hayo kwa maandishi. Hilo namheshimu nalo kuliko medali zake zote.

Kitengo cha Makuzi ya Mtoto alichokianzisha mwaka 1972 katika Hospitali ya Watoto ya Boston kiliwafunza madaktari waliokwenda kufundisha wengine. Baadaye ilidhihirika kwamba kipimo chake hakikuwa hodari wa kubashiri mtoto atakuwa nani ukubwani. Thamani yake kubwa ikaonekana kwingine: mzazi akishuhudia mtoto wake akipimwa, humfahamu na kujiamini. Mama wa njiti hugundua kwamba mwanawe anageuza uso kwa sababu amechoka na mwanga, hamkatai.

Umaarufu alioupata, kwa vitabu, safu za magazeti na kipindi cha televisheni kilichoendelea kwa miaka mingi tangu 1983, aliutumia kama mtu anayetumia mali ya wote. Alikuwa mmoja wa waasisi wa taasisi ya kitaifa ya watoto wa chini ya miaka mitatu, iliyoanza 1977 na sasa inaitwa Zero to Three. Mwaka 1996 alianzisha kituo cha Touchpoints, ambacho huwafunza wauguzi, walimu wa chekechea na wahudumu wa jamii kuzungumza na wazazi kwa heshima, kuanzia kwenye yale mzazi anayoyajua tayari. Watu wanaofunzwa hapo hukutana na familia ambazo zisingemudu kamwe kufika kwenye kliniki ya Cambridge.

Na alikwenda Washington, tena na tena, kulieleza Bunge kwamba mama na mtoto wanahitaji wiki za kujuana. Rais George H. W. Bush alikataa kutia saini sheria ya likizo ya familia mara mbili. Bill Clinton aliitia saini Februari 1993: wiki 12, kazi ya mtu ikilindwa, bila malipo, kwa kampuni zenye wafanyakazi 50 au zaidi. Msomaji wa Nairobi au Dodoma atashangaa, maana sheria ya Kenya ya 2007 inampa mama miezi mitatu yenye mshahara, na ya Tanzania ya 2004 inampa siku 84 zenye malipo. Brazelton aliipokea ile ya Marekani kama mwanzo tu, akaendelea kudai zaidi akiwa mzee wa miaka tisini na kitu.

Rais Barack Obama alimpa Medali ya Rais ya Raia mwaka 2013. Brazelton alifariki nyumbani kwake Barnstable, Massachusetts, tarehe 13 Machi 2018, akiwa na miaka 99. Sheria ya likizo ilikuwa imetimiza miaka 25, na wiki zake 12 zilikuwa bado hazina malipo.