Kukabidhi Mtuhumiwa: Istilahi Iliyojaza Mitaa ya Hong Kong

Nchi inapomkamata mtu anayetakiwa na nchi nyingine ikampeleka huko kushtakiwa, vyombo vyetu vya habari huita hatua hiyo "kurejesha wahalifu" au "kubadilishana wahalifu". Maneno hayo yamezoeleka, ila yanapotosha, na maandamano ya Hong Kong ya mwaka 2019 yanaonyesha ni kwa vipi.

Hong Kong ilirudi chini ya China tarehe 1 Julai 1997, ikabaki na mahakama na sheria zake. Sheria yake ya kukabidhi watuhumiwa haikuhusu China bara, Macau wala Taiwan. Mwaka 2018, kijana wa Hong Kong alituhumiwa kumuua mpenzi wake mjini Taipei kisha akarudi nyumbani; njia ya kisheria ya kumpeleka Taiwan haikuwepo. Serikali ya Carrie Lam, aliyekuwa kiongozi wa Hong Kong, ikaleta muswada wa kuondoa kizuizi hicho, na China bara ikiwemo.

Hapo "kurejesha" linakwama. Mkazi wa Hong Kong ambaye hajawahi kuishi China bara harejeshwi huko, anapelekwa. Ndiyo maana kaulimbiu ya waandamanaji ilipinga "kupelekwa China", na kwa Kichina maneno hayo hutamkwa sawa na yale ya kumsindikiza mtu anayekata roho. Juni 9, 2019 waandaaji walikadiria watu milioni 1 barabarani. Polisi walisema 240,000. Lam alipotangaza Septemba 4 kuuondoa muswada, madai yalishafika 5, likiwemo la wananchi wote kumchagua kiongozi wao kwa kura.

"Wahalifu" nalo linahukumu kabla ya hakimu, kwani wengi wanaotakiwa hawajatiwa hatiani. Na "kubadilishana" hudokeza kwamba kila upande hutoa mtu wake, kama wafanyavyo wanaoachiliana mateka.

Napendekeza tuseme "kukabidhi watuhumiwa". Hata istilahi ya Kiingereza, "extradition", asili yake ni kitenzi cha Kilatini "tradere", ambacho maana yake ni kukabidhi. Kitenzi "kukabidhi" kinamtaka mwandishi amtaje anayetoa na anayepokea, na msomaji akishawajua hao wawili ataweza kuuliza swali walilouliza watu wa Hong Kong: je, mahakama inayompokea mtu huyu itamtendea haki?