Wapiga Mbiu wa Mrima

Kabla redio haijafika Mrima, pwani ya bara inayoelekea Unguja, habari za mji zilitangulizwa na pembe. Mbiu ilikuwa pembe ya nyati au ya mnyama mwingine mkubwa, na aliyeipuliza hakuwa mtu wa kujitungia maneno. Alitumwa. Jumbe, mtawala wa mji, akiwa na neno kwa watu wake, mpiga mbiu alipita mitaani, akapuliza, akasema alichoagizwa, akaenda zake. Methali ya mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo imetoka huko, na mgambo wake ni tangazo la watu wote, wala si askari wa kata. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwenyeji wa Bagamoyo aliyekwenda Berlin kufundisha Kiswahili mwaka 1900, aliandika habari za majumbe na mila zao katika Desturi za Wasuaheli, kitabu kilichochapwa mwaka 1903. Mji ulijua nani mwenye neno na nani mwenye pembe.

Bagamoyo ya karne ya 19 ilikuwa na watangazaji wa namna nyingine pia. Misafara ya pembe za ndovu ilianzia na kuishia pwani hiyo, na kila msafara ulikuwa na kirangozi wake. Msafiri Mwingereza Richard Burton, aliyeanza safari ya bara kutoka Kaole mwaka 1857, amemweleza kiongozi huyo: joho jekundu, ngozi ya mbega, na nyuma yake wapagazi na milio ya pembe na ngoma. Usiku kambini, watu wakisha kula, kelele zilinyamazishwa, kisha akasimama msemaji kutangaza kama kesho kuna safari au mapumziko. Kwa mpagazi aliyeshinda na mzigo begani, hiyo ndiyo ilikuwa taarifa ya habari.

Wajerumani walipokwisha kuzima vita vya Bushiri, aliyewapinga hapo pwani, walileta njia zao. Mwaka 1890 Bagamoyo ilipata posta yao na waya wa simu wa chini ya bahari. Baadaye likaja gazeti la Kiongozi, lililotolewa na shule ya serikali ya Tanga. Hapo ndipo kusoma habari kulipoanza kuwa kazi ya sauti: aliyejua kusoma aliwasomea wenzake barazani.

Redio yenyewe ilianza tarehe 1 Julai 1951, kituo kikiitwa Sauti ya Dar es Salaam. Mwaka 1956 kikawa shirika la utangazaji la Tanganyika, na mwaka 1965 kikawa Redio Tanzania Dar es Salaam, RTD ya watu wengi. Anayesema redioni akaitwa mtangazaji. Neno kutangaza halikuundwa kwa ajili ya redio. Limo katika kamusi ya Ludwig Krapf ya mwaka 1882, likiwa na maana ileile ya kueneza neno lijulikane na wote. Redio ilichukua kazi ya mbiu pamoja na kitenzi chake.

Ilichukua hata mlio. Taarifa ya habari ya RTD ilitanguliwa na ngoma za Morris Nyunyusa, msanii asiyeona aliyesifika kwa kupiga ngoma nyingi peke yake, na ambaye mwaka 1970 alipeleka ngoma zake kwenye maonyesho ya dunia ya Osaka, Japani. Zikilia, nyumba nzima ilijua. Watoto walinyamazishwa, na mzee akasogeza kiti karibu na redio.

Baada ya habari au kati ya vipindi yalikuja matangazo ya vifo. Matangazo hayo yalikuwa na mpangilio wake: ndugu fulani wa mahali fulani anasikitika kutangaza kifo cha fulani, habari ziwafikie fulani wa Pangani, fulani wa Tanga, na ndugu na jamaa wote popote walipo. Mtangazaji aliyasoma taratibu, jina kwa jina, kwa sauti isiyopanda wala kulia. Hakuwajua marehemu wala wafiwa. Alitumwa, kama mpiga mbiu.

Jambo lilipokuwa zito kupita kiasi, mwenye neno alilisema mwenyewe. Tarehe 12 Aprili 1984 Mwalimu Nyerere ndiye aliyelitangazia taifa kifo cha Waziri Mkuu Edward Sokoine. Tarehe 14 Oktoba 1999 Rais Mkapa akatangaza kifo cha Nyerere. Usiku wa tarehe 17 Machi 2021 Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais na akiwa katika ziara ya mkoa wa Tanga, akatangaza kifo cha Rais Magufuli.

Pwani hii pia imeonja tangazo la mtu ambaye hakutumwa na serikali yoyote. Januari 1964, ng'ambo ya bahari kutoka Bagamoyo, John Okello, mzaliwa wa Uganda, aliingia hewani Unguja na kujitangaza Field Marshal wa mapinduzi. Aliyeshika redio alikuwa ameshika mbiu.

Sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 ilifungua mlango kwa vituo binafsi, na mwaka 1994 Radio One na ITV zikaanza. Marehemu Charles Hilary, aliyetoka RTD, alisikika Radio One akitangaza mpira, na pia akiwaburudisha watu kwa muziki wa zamani. Kazi zote hizo zilibeba jina moja, mtangazaji, na ustadi wake ulilitosha. Leo jina hilohilo linampa hadhi moja anayesoma taarifa iliyopita kwa mhariri, anayetoa maoni yake asubuhi huku akipekua magazeti, na anayelipwa kusifia sabuni katikati ya kipindi. Msikilizaji wa Bagamoyo ya majumbe asingechanganya hivyo, kwa sababu alijua pembe ni ya nani.

Kiswahili kina majina ya kutosha. Vituo viyatumie: asomaye habari aitwe msomaji wa habari, mwenye kipindi aitwe mwendesha kipindi, na anayelipwa kutangaza biashara aseme wazi kwamba amelipwa.