Krapf alikuja kuongea, kilichobaki ni alichosikia

Kuna sentensi tunaitumia ovyo sana: "Mungu ameniambia." Mimi niliitumia nikiacha chuo. Miezi sita baadaye mpango wote ulikuwa umekufa, na sikuwa na la kumwambia mamangu. Ndo maana stori ya Johann Ludwig Krapf hunigusa.

Shuleni tulifunzwa yeye ni yule mmisionari Mjerumani aliyeona Mlima Kenya 1849. Basi. Chenye hatukuambiwa ni kwamba Krapf hakuja kututafuta sisi. Alikuwa anatafuta Waoromo. Alianzia Ethiopia 1837, akafungiwa njia, akaamua kuzungukia pwani. Aliamini kabisa kwamba Waoromo wakimpokea Kristo, sehemu kubwa ya Afrika itafuata. Kwake Mombasa ilikuwa kama steji ya kubadilishia gari tu.

Alifika 1844. Julai hiyo hiyo homa ikamuua mkewe, Rosine, na mtoto wao mchanga akafuata. Walizikwa ng'ambo ya kisiwa, upande wa Nyali. Krapf mwenyewe alikuwa mgonjwa hoi. Lakini akaandikia chama chake cha wamisionari Uingereza kwamba kaburi hilo ni ishara: vita vya Injili huku vimeanza, na ushindi unakuja.

Hapo huwa nasimama. Mtu hata hajamaliza kulia, tayari ana jibu la kwa nini Mungu ameruhusu. Simcheki. Uchungu hutaka maana haraka, na sisi tunafanya hivo kila matanga.

Na ushindi? Mwaka wa 1846 Johannes Rebmann alijiunga naye, wakajenga Rabai. Walihubiri miaka na miaka, na waliobatizwa ungewahesabu kwa vidole. Mmoja wa wale wa kwanza alikuwa Mringe, mlemavu, aliyebatizwa akiwa karibu kufa. Mpango wa Waoromo haukuwahi kusimama. 1853 Krapf akaondoka, mwili umechoka.

Lakini kuna kazi ingine alikuwa anafanya kando. Alikaa na watu wa Mombasa na Rabai akiuliza hiki mnakiitaje, na hili mnalisemaje. Alipoanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo, aliyemsaidia alikuwa kadhi, Mwislamu. Fikiria hiyo picha: mtu amevuka bahari kufundisha, sasa anasahihishwa kama mtoto wa nasari. Sarufi yake ya Kiswahili ilichapishwa 1850. Kamusi yake ilitoka 1882, mwaka mmoja baada ya yeye kufa, na waliokuja nyuma yake waliitumia sana.

Sasa, ni rahisi niseme, "Mnaona? Kamusi ndo ilikuwa mpango wa Mungu!" Zii. Nikisema hivo nitakuwa nimerudia kosa lile lile la kusoma kaburi kama barua. Sijui Mungu alitaka nini Rabai. Ninachoona ni kwamba pale Krapf alipokuwa na uhakika, mambo mengi hayakutokea. Pale alipokubali kuuliza, kitu kilibaki.

Kwa hivyo saa hii nikiomba, naongea kidogo. Halafu naenda kuuliza watu, hata wale siwakubali. Mamangu ndo nilianza naye. Ilibidi nimwambie, "Mathe, mimi ndo nilitaka. Mungu nilimsingizia." Alicheka, kisha akaniambia vitu ambavyo ningevisikia mwaka mzima mapema kama ningenyamaza.

Wewe ni nani hujawahi kumuuliza?